Faili la Tatu, Chini Kabisa

Ujumbe uliingia Jumanne saa nne asubuhi, na binti hakuwa na mkono wa kuupokelea. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeushika mkono wa kulia wa mama yake, anaukunja, anaukunjua, kumi kwenda na kumi kurudi, kama mtaalamu wa viungo alivyomwelekeza. Simu ikatetemeka juu ya stuli. Mama akaitazama, akamtazama binti, akasema kwa ulimi wake uliokuwa mzito mwaka wa nne sasa:

"So-ma."

"Tumalize kwanza, mama. Bado sita."

"Soma!"

Basi akasoma. Kamati ya Udahili ya chuo ilikuwa inamwita Alhamisi saa nne, chumba cha mikutano cha Idara ya Kompyuta, "kwa ajili ya maelezo kuhusu kazi uliyowasilisha." Weee! Mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu aliruka juu, akamkumbatia mama yake pamoja na mto aliokuwa ameegemea, karibu amwangushe kitini.

"Wananiita, mama! Wangekuwa hawanitaki wangenyamaza. Si unawajua? Wale kazi yao kunyamaza."

Mama alicheka kwa upande mmoja wa uso, ule unaocheka. Alikuwa na haki ya kucheka. Binti yake hakuwa na cheti cha sekondari, kwa sababu asubuhi ya mtihani wa hesabu ndiyo asubuhi mama alipoanguka jikoni, na aliyebaki kumshika alikuwa yeye. Mwaka huu chuo kilikuwa kimefungua mlango mpya: asiye na cheti alete kazi aliyoitengeneza kwa mikono yake, kamati iitazame, ikiridhika imchukue. Binti akapeleka Andika-Uone.

Ngoja niieleze, maana kila kitu kiko hapo. Andika-Uone ni programu ya wavuti ya kufundishia programu za wavuti. Skrini imegawanyika mara mbili. Kushoto mwanafunzi anaandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, kulia anaona ukurasa wake unajijenga papo hapo, herufi kwa herufi. Akikosea, kisanduku cha njano kinatokea na kumsemesha kama mtu: "Ndugu yangu, umefungua mlango hukuufunga. Hebu rudi mstari wa saba." Au: "Pole. Hata mimi hapa nilikwama siku mbili." Vitufe vyake ni vikubwa, na vilikuwa vikubwa kwa sababu mtu wa kwanza kuijaribu alikuwa mama, kwa mkono wa kushoto, ambao ulikuwa haujazoea kazi. Kila alipobofya akakosa, binti alikipanua kitufe.

Saa saba baba akarudi kula. Binti hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Baba, wameniita! Kamati! Alhamisi!"

"Kwa kazi gani uliyopeleka?" baba akauliza, huku ameinama na kamba ya kiatu.

"Andika-Uone. Nyingine ninayo?"

Baba alibaki ameinama. Alikaa na ile kamba muda mrefu kuliko kamba inavyohitaji. Kisha akainuka, akasema, "Hongera, fundi wangu," akanawa mikono, akala matonge matatu, akasema ameshiba.

Baba mwenyewe alikuwa mhadhiri wa chuo hichohicho, na somo lake lilikuwa hilohilo la programu za wavuti, zile ambazo mtu habaki kuzisoma tu bali anabofya, anajaza, nazo zinamjibu. Alipoanza, miaka ishirini nyuma, alikuwa moto wa kuotea mbali. Lakini elimu ile haina huruma. Unalala unajua, unaamka hujui. Enzi zake kurasa zilipangwa kwa majedwali, wenzake wakaacha, yeye akaendelea, na wanafunzi wakambandika jina: Mzee Jedwali. Walimwita hivyo mlangoni mwa darasa, kwa sauti ya kutosha kusikika, kisha wakamwamkia kwa adabu zote.

Aliyemwokoa ni binti. Kila siku saa kumi alasiri, mama akishaogeshwa, baba na binti walikaa kwenye meza ya kulia chakula, na binti akamfundisha baba yake somo la kesho. Baba aliandika kila kitu kwa kalamu, mstari kwa mstari, daftari baada ya daftari, kwa kuwa aliamini kisichopita mkononi hakiingii kichwani. Asubuhi yake alikwenda kuwafundisha watu mia moja na arobaini kile alichofundishwa jana yake. Wanafunzi wakaanza kusema, "Mzee kaamka!" Na miezi miwili iliyopita, mkataba wake ulipofikia mwisho na idara ikasema haitaongeza mkataba wa mhadhiri asiyeonyesha zana mpya ya kufundishia aliyoibuni mwenyewe, baba alijaza fomu. Penye jina la kazi aliandika Andika-Uone. Penye "wabunifu wengine, kama wapo" alipiga mstari mrefu wa kalamu. Akasaini. Akaongezewa miaka mitatu.

Nyumbani alisema tu, "Wamenibakiza." Binti alipiga vigelegele. Hakuuliza wamembakiza kwa lipi, naye hakuambiwa.

*

Jumatano asubuhi mkuu wa idara alimwita baba ofisini. Mkuu alikuwa mtu wa mwili na wa vicheko, mtu ambaye hata habari mbaya anaileta na biskuti. Pembeni, karibu na dirisha, alikaa mhadhiri wa hifadhidata, dada mmoja kijana mwenye miwani, aliyekuwa na sifa ya kusema machache na kuandika mengi.

"Mzee wangu, kaa, kaa. Unajua kwamba una mwizi nyumbani?" Mkuu akacheka, kisha akaona baba hacheki, akaacha. "Samahani. Nisikuzungushe. Binti yako ameleta Andika-Uone kwenye udahili. Yote, nzimanzima. Hata vile vichekesho vyako vya 'ndugu yangu umefungua mlango' hakubadilisha."

"Nimesikia."

"Sasa mimi najua kazi ni yako, fomu ninayo hapa, umesaini. Ila utaratibu unanitaka niulize. Ni kazi yako, au si kazi yako?"

Hapo ndipo. Kama kuna mahali pa kumkamata baba na kumwambia sema sasa, ni hapo, kwenye kile kiti cha wageni chenye mguu mmoja mfupi. Alifungua kinywa. Aliwaza fomu. Aliwaza neno "udanganyifu" na namna linavyoandikwa kwenye barua za chuo, kwa herufi nzito. Aliwaza bima, ile kadi ya kijani ya mwajiri inayomlipia mkewe mtaalamu wa viungo mara tatu kwa wiki na dawa za presha za kila mwezi, na inayokufa siku mkataba unapokufa.

"Ni kazi... ya nyumbani," alisema.

"Nyumbani kwako, sawa. Aliyeiandika?"

"Mimi."

"Na binti?"

"Alinisaidia kidogo. Kupanga rangi."

Kupanga rangi! Ninalirudia neno hilo kwa sababu yeye mwenyewe alilirudia kichwani siku nzima, na kila aliporudia lilimkata upya.

Mhadhiri wa hifadhidata akainua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Mimi naomba tumpe jaribio," akasema. "Nitaharibu kitu kimoja kwenye nakala ya programu. Kimoja tu. Mwenye kazi atakiona. Asiye mwenyewe hataona hata akikaa mwezi."

"Kuna haja gani, dada, na baba mtu ameshasema?"

"Haki ya yule msichana. Naye aonekane."

"Haya, tumpe dakika kumi," mkuu akasema. "Na wewe mzee uje ukae, kama mzazi na kama mwenye kazi. Usijali, tutamalizana naye kwa upole. Watoto ni watoto."

Baba akashukuru. Alitoka mle ofisini baada ya kumshukuru mtu aliyemwita mwanawe mwizi, na njiani kuelekea darasani wanafunzi wawili wakamsimamisha wamwambie kwamba kile kisanduku cha njano kiliwachekesha sana jana.

*

Saa kumi alasiri alikaa mezani kama kawaida, lakini daftari hakulitoa. Mama alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, wanadhani amelala. Binti akavuta kiti.

"Leo tunamalizia kuhifadhi majibu ya wanafunzi. Mbona huandiki?"

Baba akamwambia. Hakuzunguka, hilo nimpe. Alisema yote kwa mpangilio, fomu, mstari wa kalamu, mkataba, ofisi ya mkuu, mpaka akafika pale pa rangi, akasimama.

"Rangi gani?" binti akauliza.

"Nilisema ulinisaidia kupanga rangi."

Binti alitazama meza. Miaka miwili. Alikuwa ameiandika ile programu kati ya sufuria na sufuria, kati ya kumgeuza mama na kumgeuza tena, na sehemu nyingine aliiandika ameegemeza laptopu kwenye beseni.

"Mwanangu..."

"Kwa hiyo hawaniiti kwa uzuri. Wananiita kwa wizi."

"Fundi, nisikilize."

"Usiniite fundi, baba. Niite mpanga rangi."

Baba alilia. Alilia kweli, mwanamume wa miaka hamsini na sita, amefunika uso kwa viganja, mabega yanacheza. Binti alikuwa hajawahi kumwona hivyo hata siku mama alipoanguka, na hasira aliyokuwa nayo ikakosa pa kukaa. Alimwacha alie. Alikwenda akamletea maji.

"Kesho nasema ukweli," baba akasema, baada ya kunywa. "Nimeshaamua. Nitasimama mbele yao wote niseme. Wanifukuze."

"Na mama, Ijumaa?"

"Ijumaa kuna nini?"

"Mtaalamu wa viungo, baba. Na Jumatatu. Na Jumatano. Na dawa zinaisha tarehe kumi na nane. Atalipiwa na nani?"

"Tutajua."

"Tutajua nini?"

Hakuna walichokuwa wakikijua. Mwezi mmoja wa nyuma kadi ilichelewa kuhuishwa, mama akakosa wiki tatu za mazoezi, na vidole vya mkono wa kulia vikajikunja ndani hadi kucha zikaanza kuchoma kiganja. Wote wawili waliviona vile vidole.

"Nitasema tu," baba akarudia, lakini sasa sauti ilikuwa ya mtu anayeomba akatazwe.

Binti hakumkataza. Alifunga laptopu, akaenda kuosha vyombo, akaviosha vyote mpaka vile vilivyokuwa safi. Nyuma ya pazia mama alikuwa macho, amesikia kuanzia neno la kwanza, na ulimi wake haukuwa na mwendo wa kuwahi maneno yale.

*

Alhamisi binti alivaa gauni lake la bluu na viatu vya mama yake. Walikwenda pamoja, baba mbele hatua mbili. Katika chumba cha mikutano waliketi watu wanne upande mmoja wa meza: mkuu wa idara, mhadhiri wa hifadhidata, karani wa udahili na mzee mmoja wa kamati ya nidhamu ambaye hakuvua koti. Upande wa pili kulikuwa na kiti kimoja na kompyuta iliyounganishwa na projekta, ili kila kitakachoandikwa kionekane ukutani. Baba akaonyeshwa kiti nyuma, karibu na mlango.

"Shikamooni," binti akasema.

Waliitikia watatu. Mzee wa koti alikuwa anasoma.

"Binti," mkuu akaanza, kwa upole kama alivyoahidi, "umeleta kazi ukasema ni yako. Tuna mtu mwingine aliyeileta kabla yako, na unamjua. Hatuko hapa kukugombeza. Mwalimu hapa ameondoa kitu kimoja. Irudishe programu kwenye hali yake. Una dakika kumi."

Binti akakaa. Akafungua Andika-Uone, akaandika neno upande wa kushoto. Upande wa kulia ukabaki mtupu. Akaandika la pili. Kimya.

Alijua palepale. Kuna mstari mmoja unaouambia ukurasa: kila mtu akigusa herufi, sikiliza. Ukiutoa huo, ukurasa unakuwa kiziwi. Unauandikia weee, nao umekukodolea macho. Mstari wenyewe unakaa kwenye faili la tatu, chini kabisa, na aliuweka pale yeye, siku ya mvua, mama akiwa pembeni anamenya ndizi kwa mkono mmoja. Kuurudisha ni kazi ya sekunde ishirini. Angeurudisha, angegeuka, na watu wanne wangejua mwizi ni nani katika chumba kile.

Aligeuka kwanza. Baba alikuwa amesimama nusu, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti, midomo imefunguka. Alikuwa anataka kusema. Naapa alikuwa anataka. Binti akamtazama, akatikisa kichwa, kidogo tu, kama anavyomkataza mama asijaribu kusimama peke yake. Na baba, Mungu amsamehe, akakaa.

Binti akafungua faili la kwanza. Akabadilisha rangi ya kichwa cha ukurasa kutoka kijani kuwa bluu. Akajaribu. Ukurasa haukusikia. Akabadilisha ukubwa wa herufi. Akajaribu. Akaandika kitu, akakifuta, akaandika kilekile. Ukutani kila mtu aliona anavyohangaika, na karani wa udahili, mama wa makamo mwenye watoto wake, akainamisha macho kwa kumwonea aibu. Mzee wa koti aliangalia saa. Dakika ya sita. Ya nane. Binti alikuwa ametulia usoni, lakini shingo ilikuwa imemlowa jasho.

"Muda umekwisha," mkuu akasema. "Umeona shida iko wapi?"

"Sijaiona."

"Ni kazi yako hii?"

"Hapana. Ni ya baba. Mimi nilipanga rangi."

Mkuu akashusha pumzi, mtu aliyeumia na kupata nafuu kwa pamoja. "Basi, tumalize vizuri. Mzee, hebu njoo uturekebishie wewe mwenyewe, tufunge jambo hili."

Hili hakuna aliyelitarajia, wala binti. Baba alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye kompyuta. Binti alimpisha kiti, akasimama nyuma yake. Baba akaandika neno, ukurasa ukanyamaza. Akafungua orodha ya mafaili. Yalikuwa kumi na moja. Akayatazama kama mtu aliyeingizwa kwenye nyumba ya jirani gizani. Alikuwa ameyanakili yote kwa mkono wake na hakukumbuka lipi ni lipi. Sekunde zikaenda. Mzee wa koti akainua uso kwa mara ya kwanza.

Binti akapiga magoti pale pale, sakafuni, kando ya kiti cha baba yake.

"Nisamehe, baba," akasema kwa sauti ya kusikika. "Nimekuaibisha mbele za watu. Ulinifundisha vizuri, mimi ndiye kichwa kigumu. Hata ile siku unanieleza habari ya kusikiliza herufi, kwenye faili la tatu, chini kabisa, baada ya mabano ya mwisho, mimi nilikuwa naitikia tu, sikuelewa chochote. Nisamehe."

Karani wa udahili akatoa kitambaa, akapangusa macho. Mkuu akasema, "Inuka mwanangu, inuka, yameisha." Baba akafungua faili la tatu. Akashuka chini kabisa. Baada ya mabano ya mwisho akaandika, kwa vidole viwili, mstari ambao kwenye daftari aliwahi kuuandika mara arobaini ili aukariri. Akajaribu. Neno likaruka kulia, jeusi na kubwa, ukutani.

Wakampigia makofi. Watu watatu walimpigia Mzee Jedwali makofi, na binti akiwa bado hajasimama vizuri. Mhadhiri wa hifadhidata hakupiga. Alikuwa ameshika kalamu, haandiki.

*

Mhadhiri wa hifadhidata alimkuta binti kwenye ngazi, akishuka peke yake. Baba alibakizwa juu kusaini.

"Faili la tatu, chini kabisa," mhadhiri akasema. "Baada ya mabano ya mwisho. Na hukuelewa chochote."

Binti akashika reli ya ngazi.

"Nimekaa mle ndani nikijiuliza mtu mzembe anakumbukaje mahali asipopaelewa. Nikasema, labda. Halafu nikakumbuka mimi mwenyewe ndiye niliyeufuta ule mstari, na sikumwambia mtu uko wapi." Akavua miwani. "Naweza kurudi sasa hivi. Hawajaondoka."

"Usirudi, dada."

"Unajua wanachokiandika kule? Watakufungia. Na jina lako litakwenda kwenye orodha, vyuo vyote vinaisoma."

"Najua."

"Kwa nini, sasa? Kwa ajili ya mtu ambaye..."

"Ni baba yangu," binti akasema. "Na mama anakunjwa mkono kwa kadi yake. Ukirudi mle utamfukuzisha, na mimi nitaingia chuo, halafu nikirudi nyumbani nitamkunja mama mwenyewe kwa kubahatisha. Wiki tatu tu tulikosa. Hukuviona vile vidole."

Mhadhiri wa hifadhidata alikaa kwenye ngazi, na sketi yake nzuri, katikati ya wanafunzi wanaopanda na kushuka. Alisema, "Mimi ndiye niliyeomba lile jaribio. Nilitaka uonekane."

"Ahsante, dada. Ulikuwa mtihani mzuri."

Akashuka. Chini alivua viatu vya mama yake, maana vilikuwa vinambana tangu asubuhi, akavishika mkononi, akamngoja baba.

*

Barua ilitoka Ijumaa. Karani wa udahili akamkabidhi baba mkononi, akasema, "Mpelekee tu binti, mzee, mnakaa nyumba moja, ya nini kupoteza stempu." Miaka mitano haruhusiwi kuomba, jina limeingizwa kwenye orodha ya udanganyifu wa kitaaluma. Baba aliileta kwenye mfuko wa shati na kuiweka mezani, nayo ikakaa pale siku mbili kati ya chumvi na leso za karatasi. Binti alikuwa ameshajua kilichomo, akaifungua Jumapili asubuhi, akaisoma mara moja, akaiweka kwenye droo ya vyeti ambamo hakukuwa na cheti chake.

Jumapili hiyohiyo saa kumi alasiri walimleta mama sebuleni, wakamkalisha kwenye kiti chake karibu na dirisha, mkono wa kulia juu ya mto. Baba alisimama mlangoni mwa jikoni. Tangu Alhamisi alikuwa anaingia na kutoka kama mpangaji, anakohoa kabla ya kupita. Wanafunzi mia moja na arobaini walikuwa wanamngoja kesho yake.

"Leo kama umechoka..." alianza.

"Sijachoka."

"Nitawaambia wasome wenyewe. Nitatafuta kitu."

"Utatafuta wapi, baba?"

Baba akasogea, akashika mgongo wa kiti, hakukaa. "Nisikilize," akasema. "Nimefikiria sana. Hili halitabaki hivi. Mama yako akipata nafuu, akianza kutembea, hata hatua mbili tatu, mimi nakwenda kwa mkuu na kusema yote. Siku hiyohiyo. Nakuapia. Tusubiri tu apate nafuu."

Binti alikuwa anapangusa meza. Aliendelea kupangusa mpaka akamaliza pembe zote nne.

"Mama hapati nafuu, baba," akasema. "Daktari alituambia mwaka juzi, sote watatu tukiwa tumekaa. Mazoezi ni ya kuzuia asizidi. Ulikuwepo."

Akashtuka mwenyewe, akageukia dirishani. Mama alikuwa anawatazama. Mdomo wake ulikuwa umeanza ile kazi yake ya kutafuta neno, na wote wawili wakasubiri, maana nyumba ile ilikuwa imezoea kumsubiri.

"Ni," mama akasema. Akameza mate, akaanza upya. "Ni kwe-li."

Baba akakaa. Binti akamwekea kalamu mbele yake, akafungua laptopu, akatafuta mahali walipoishia Jumanne.

"Kuhifadhi majibu ya wanafunzi," akasema. "Kesho una kipindi saa mbili. Andika."

Baba akaandika.